Rufaa ya NET dhidi ya leseni ya mtambo wa umeme: nyota tatu na nusu

Huduma inayopimwa hapa ni ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo Wakenya wengi hulijua kwa kifupi chake, NET. Kazi yake kubwa ni kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, hasa leseni zinazotolewa kwa wawekezaji. Tunaipima kwa kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, maana hiyo ilionyesha uzuri wa huduma hii na udhia wake.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2, na dohani yenye urefu wa mita 210. Mji mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, uko ng'ambo ya maji. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, shirika la wakazi wa Lamu, na wenzao watano wakakata rufaa Novemba mwaka huo huo, na tarehe 26 Juni 2019 NET ikaifuta leseni.

Wengi hudhani NET iliamua kwamba makaa ya mawe ni mabaya. Haikuamua hivyo. Ilisema leseni ilitolewa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na kwamba ripoti ya athari kwa mazingira iliiacha nje Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Kama mwekezaji bado anautaka mradi, afanye utafiti upya. Kwa hiyo anayekwenda pale na uchungu wa samaki na mikoko peke yake atasikilizwa kwa heshima, kisha ashindwe. Wala usiende kudai fidia: shilingi bilioni 1.76 walizopewa wavuvi wa Lamu kwa sababu ya ujenzi wa bandari zilitokana na hukumu ya Mahakama Kuu ya 2018, kesi tofauti kabisa.

Kinachoshinda NET ni karatasi za mikutano, na hapo ndipo vijiji vingi huteleza. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira, ambazo kesi ya Lamu iliegemea, zinamtaka mwenye mradi aitishe angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, atume notisi wiki moja kabla ya mikutano, abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo na redioni angalau mara moja kila wiki katika wiki hizo mbili, kwa lugha inayosikika pale. Huko Lamu mikutano ilifanyika, hilo halikubishaniwa sana. Kasoro ni kwamba ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujatoa majibu. Matokeo yalipopatikana, hakuna aliyerudi kwa wananchi kuwaeleza moshi utaelekea wapi, jivu litamwagwa wapi, na maji ya kupozea mitambo yatarudi baharini yakiwa na joto gani. Mkutano wa kusema "tunakuja" si mkutano wa kusema "haya ndiyo tutakayowafanyia".

Basi tangu baraza la kwanza kwa chifu, kuwe na daftari. Andika tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, nani alizungumza, kwa lugha gani, swali lipi liliulizwa na likajibiwaje. Andika pia kama ripoti ilikuwepo mezani siku hiyo au la. Mstari huo mmoja unaweza kuwa na uzito kuliko kurasa ishirini za malalamiko. Piga picha za matangazo yaliyobandikwa, na ubao uliobaki mtupu pia. Jihadharini na orodha ya mahudhurio. Jina ulilotia ili upate nauli na chai linaweza kutolewa baadaye kama ushahidi kwamba ulishirikishwa, hata kwamba uliridhia. Juu ya kila ukurasa andikeni kwa kalamu: "Tumehudhuria tu, hatujakubali", kisha ndipo mtie saini.

Muda ndio mtego mbaya zaidi. Una siku 60 tangu uamuzi kutolewa, na katika rufaa dhidi ya leseni, jopo halina mamlaka ya kuziongeza. Leseni haiji kijijini na matarumbeta. Mtu mmoja apewe kazi ya kupita ofisi ya NEMA ya kaunti kila wiki na kuuliza kwa barua, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kosa la pili ni kuamini kwamba ukishakata rufaa, matingatinga yatasimama yenyewe. Siku hizi hayasimami. Pamoja na rufaa, wasilisha ombi la amri ya kuhifadhi hali ilivyo, siku ile ile.

Nyota tunazotoa ni za urahisi wa kuingia: NET haibanwi na kanuni kali za ushahidi za mahakama, na hulazimiki kuwa na wakili. Lakini usijidanganye. Mwekezaji atakuja na wataalamu wake wa hewa na wa bahari, na bila mtaalamu wako wa kuwajibu utabaki unakodoa macho. Watu wa Lamu walisaidiwa na mashirika ya kisheria kama Katiba Institute na Natural Justice. Tafuteni msaada wa namna hiyo kabla leseni haijatoka, si baada ya siku ya hamsini.

Nyota moja na nusu imekatwa kwa sababu ya mwendo. Rufaa ilichukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Aliyeshindwa ana siku 30 kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Amu Power ilikwenda. Uamuzi wa mahakama hiyo, iliyoketi Malindi, wa kuitupa rufaa hiyo ulikuja Oktoba 2025. Daftari la mikutano litahitajika muda wote huo, na walioliandika huenda wamehama au wamefariki. Tengenezeni nakala tatu, na moja ikae nje ya kijiji.