TAHADHARI: Tiketi za "bila foleni" za majengo ya kale, hasa mkisafiri na watoto

Wazazi wenzangu, kama likizo hii mnapanga kuwapeleka watoto kuona majengo ya kale, someni hili kabla hamjatoa kadi ya benki. Sisi tumeshapigwa. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, na wanetu wa miaka 14, 9 na 6. Tuliishia nje ya lango la Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapambano kule Roma, saa tano asubuhi, jua la utosi, tumeshika tiketi 5 ambazo hazikufungua mlango wowote.

Nilitafuta tiketi mtandaoni kama mtu yeyote. Tovuti iliyotokea juu kabisa ilikuwa na jina la jengo lenyewe na neno "rasmi" pembeni yake. Juu ya kiungo palikuwa na kineno kidogo "tangazo", nikakipita tu. Ndani, saa ilikuwa inahesabu dakika kurudi nyuma na maandishi mekundu yakinikumbusha kila mara kwamba zimebaki nafasi chache. Nikamfikiria huyu wa miaka 6 kwenye foleni ndefu, ana kiu, anataka chooni. Nikalipa haraka. Waliahidi kwamba tutaruka foleni na kwamba tutashuka vyumba vya chini, kule wanyama walikofungiwa kabla ya kupandishwa uwanjani kwa lifti za mbao zilizovutwa na watu. Wa miaka 9 alikuwa amesoma habari za lifti hizo hadi anazichora.

Tiketi zilikuja WhatsApp usiku wa manane kuamkia siku yenyewe. Saa ya kuingia siyo niliyochagua, vyumba vya chini havikutajwa, na zote 5 zilikuwa na jina moja la mtu nisiyemjua. Nikajipa moyo kuwa labda ni jina la wakala.

Langoni tuliombwa pasipoti. Kijana akaangalia tiketi, akaangalia pasipoti, akatikisa kichwa. Tangu Oktoba 2023 tiketi ya Colosseum huandikwa jina la mgeni, na jina hilo hulinganishwa na kitambulisho mlangoni. Ile tovuti haikuwahi kuniuliza jina la mtu zaidi ya mwenye kadi. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, tena mapema, kabla ya kulipa.

Lakini kilichoniuma hasa nilikisikia dirishani tulipokwenda kulalamika. Watoto walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio pale, watoke nchi yoyote. Wanahitaji tiketi yao, ndiyo, na ni lazima ichukuliwe pamoja na ya mzazi, ila kiingilio chao ni bure. Kwa hiyo nililipia watu 5 mahali panapodai watu 2, na kila kichwa kilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya lango. Yaani hata kama zile tiketi zingekuwa halali, bado ningekuwa nimeingizwa mjini.

Tangu hapo nimechimba, na nimegundua watoto ndio mtaji wao mkubwa. Majengo mengi maarufu huwaachia watoto waingie bure, na walanguzi wanajua wazazi hawajui. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, walio chini ya miaka 18 hawalipi. Kasri la Versailles vilevile, ingawa bustani zake siku za maonyesho ya chemchemi zina tiketi ya peke yake. Alhambra, ngome na kasri la kale kule Granada, Hispania, walio chini ya miaka 12 ni bure. Taj Mahal, India, ni chini ya miaka 15. Grand Palace, kasri la kifalme la Bangkok, Thailand, haiulizi hata umri, inapima urefu: aliye chini ya sentimita 120 anapita. Sasa fungua tovuti ya mlanguzi uone utakavyokuta "tiketi ya mtoto" ina bei, tena imeandikwa "punguzo" ili ufurahi.

Kisha kuna Notre-Dame ya Paris. Iliungua Aprili 2019, ikafunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia kanisani ni bure kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Kupanga muda ni bure pia, na ukitaka unaweza kujipanga mstari bila kuweka nafasi. Anayekuuzia tiketi ya kuingia ndani ya kanisa anakuuzia hewa. (Kupanda minara ni jambo jingine, hiyo inalipiwa.)

Na hilo neno "bila foleni"! Colosseum kila mtu anapita kwenye ukaguzi wa usalama, mabegi yanamulikwa, na hakuna tiketi inayokuvusha hapo. Tiketi yoyote halali yenye saa yake tayari inakuondolea foleni ya kununua. Kwa hiyo wanachokuuzia kwa bei ya juu ni kile ambacho tiketi ya kawaida inakupa.

Msidhani ni vijitapeli vya pembeni tu. Aprili 2025 mamlaka ya Italia inayosimamia ushindani wa biashara ilitoza faini zinazokaribia jumla ya euro milioni 20, kwa iliyokuwa kampuni ya kuuza tiketi za Colosseum pamoja na waendeshaji wa utalii, kwa sababu tiketi za kawaida zilikuwa zinanyakuliwa kwa wingi, nyingine kwa programu za kompyuta, kisha zinarudi sokoni zimefungwa pamoja na huduma ambazo mtu hakuziomba. Ndiyo maana unaingia tovuti halali unakuta zimekwisha, halafu jirani yake anazo tele.

Tukirudi langoni, matapeli wa miguu nao wapo, na wanamwendea mtoto kwanza. Pale pale Roma, wakati sisi tumechanganyikiwa, mwanamume aliyevaa kama askari wa kale alimpa mwanangu upanga wa plastiki, akamvisha kofia, akasema "picha, picha". Picha mbili tu, akataka hela, na sura ikabadilika. Kwenye mapiramidi ya Giza mchezo ni ngamia: kumpandisha mtoto ni bure, kumshusha ndiko kuna bei. Na Bangkok atakuja mtu nadhifu, mpole, akwambie Grand Palace imefungwa leo kwa sababu ya ibada, ila anajua mahali pazuri zaidi, na bajaji hii hapa. Bajaji inaishia duka la vito. Usimbishie, mpite tu, nenda mpaka langoni ukaone kwa macho yako. Yapo majengo ambayo kweli yana siku yake ya kufungwa, kama Taj Mahal, Ijumaa, na hilo unalijua kabla hujatoka nyumbani.

Sasa mimi hununua hivi. Sitafuti tena jina la jengo na kubonyeza cha juu. Naingia tovuti ya mamlaka inayosimamia jengo lenyewe, natoka hapo kwenda kwenye ukurasa wao wa tiketi. Nikiona saa inayonikimbiza, natoka. Nasoma kwanza sehemu ya viingilio vya bure kabla ya kuangalia bei. Na kama najua jengo linadai majina, kama Colosseum au Alhambra, muuzaji asiyeniuliza majina ya watoto wangu namhesabu mwongo hapo hapo. Alhambra kuna jingine la kuangalia: majumba ya Nasrid, yaani makazi ya wafalme yaliyo ndani yake, yana saa kamili kwenye tiketi, ukichelewa huingii, kwa hiyo anayekwambia "saa yoyote asubuhi" hajui anachouza, au anajua sana.

Ukishaumia, usifute chochote. Piga picha ya ukurasa wa tovuti, bei, ahadi zao, ujumbe wa WhatsApp na tiketi yenye jina la mtu mwingine. Piga simu benki siku hiyo hiyo ueleze kwamba huduma uliyolipia haikutolewa, na uombe muamala upingwe. Mimi nilifanya hivyo tukiwa bado tumekaa ukingoni mwa barabara, watoto wanalizunguka jengo kwa nje wakihesabu matao. Muuzaji amejibu benki kwamba tulichelewa kufika. Nimewatumia picha niliyompiga wa miaka 6 mbele ya lango, ina saa na dakika, robo saa kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi yao wenyewe. Benki bado haijaamua.