Duka la vitabu Moshi: vitabu vipo, adabu haipo

Kwa wapenzi wa riwaya mlioko Moshi: kabla hamjapeleka fedha zenu katika lile duka la vitabu lililo mitaa ya nyuma ya stendi kuu, someni kwanza yaliyonikuta. Jina la duka silitaji, na mwenye kulifahamu ameshajua ninayemsema.

Nilikwenda mwezi uliopita, au labda ule wa kabla yake, jioni, baada ya kazi. Nilimwamkia mwenye duka, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamwuliza kama ana riwaya yoyote ya upelelezi ya Ben Mtobwa au ya Elvis Musiba. Hapo ndipo alipoinua macho, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa wakinunua madaftari: "Mama mtu mzima kama wewe unasoma vitabu vya makuli wa stendi?"

Sikujibu. Nilidhani ni utani wa wazee. Kumbe mzee alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alinieleza kwamba riwaya pendwa, yaani hizi za kusisimua zinazosomwa na watu wengi, zimeharibu wasomaji wa nchi hii, kwamba ni risasi, pombe na wanawake tu, na kwamba mtu mwenye heshima zake humsoma Euphrase Kezilahabi. Akaivuta riwaya yake, Nagona, kutoka rafu ya juu, akaipangusa vumbi kwa kiganja na kuiweka mbele yangu, kisha akaniuliza kama ninaweza kuielewa. Ninayanukuu maneno yake kama alivyoyasema: "Utaweza hiki?"

Nagona nimeisoma. Ni riwaya fupi ya mwaka 1990 ambayo hata wasomi wa vyuo vikuu wanabishana kuhusu maana yake, na sioni aibu kusema kwamba baadhi ya kurasa zake nilizirudia na bado zilinishinda, huku nyingine zikininyima usingizi kwa uzuri wake. Ninampenda Kezilahabi kuliko anavyompenda yeye, kwa sababu mimi ninamsoma, ilhali nakala ile ilikuwa na vumbi la miaka. Na kama angekuwa anaifahamu historia ya mwandishi anayemtumia kuwatukania wateja, angekumbuka kwamba riwaya yake Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, nayo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa hoja zilezile za aibu na maadili anazowatupia leo wengine.

Tuiangalie hoja yake kwa haki, maana si ya kipuuzi yote. Ni kweli kwamba katika riwaya nyingi za upelelezi za miaka ya sabini na themanini mwanamke huingia ukurasa huu akiwa mrembo na kutoka ukurasa unaofuata akiwa maiti au jasusi. Katika hilo Musiba ananichosha, na kaka yangu, ambaye hasikii la mtu kuhusu Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, tumeshakosana naye sikukuu nzima kwa ajili hiyo. Mimi ni wa Mtobwa. Mpelelezi wake, Joram Kiango, ana majivuno, lakini Nuru, mwenzake, ana akili na kazi ya kufanya. Kaka hujibu kwamba Willy Gamba alipambana na majasusi wa Makaburu wa Afrika Kusini wakati ambapo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wamepewa hifadhi hapa kwetu, na kwamba vijana waliokuwa hawagusi gazeti waliijua siasa ile kupitia riwaya hizo. Hapo sina la kumpinga. Mtobwa naye hakusubiri kukubaliwa na mtu: alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na vitabu vikawafikia watu. Ukirudi nyuma zaidi, utamkuta Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ambamo Bwana Msa na kiko chake wanatatua mauaji, na wahakiki wanamheshimu hadi leo. Mpelelezi akivuta kiko Unguja ni fasihi, akinywa bia Dar es Salaam ni takataka? Nilimwuliza swali hilo. Akasema mimi ni mbishi.

Kisha akahamia kwa Abdulrazak Gurnah. Alisema kwamba Mzanzibari yule hakupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kuandika habari za bastola. Vizuri. Nikamwomba anipatie Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise aliyoifanya Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2022. Hakuwa nayo. Hakuwa na kitabu hata kimoja cha Gurnah, kwa lugha yoyote, na alipoona ninasubiri jibu alianza kupanga kalamu kwenye kopo.

Aliyeniokoa ni binti anayemsaidia, ambaye muda wote huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza akifukua boksi. Alitoka na nakala ya Tutarudi na Roho Zetu? ya Mtobwa, yenye jalada lililochanika pembeni, kurasa zote zimo, bei ya haki. Mzee akaipokea kwa ncha za vidole, akaigeuza kifudifudi na kuifunga kwenye gazeti mara mbili, kama mwuza dawa anayemfungia mteja kitu cha siri. Fedha yangu, hata hivyo, hakuipokea kwa ncha za vidole.

Nilitoka nikiwa nimeamua kutolikanyaga tena duka lile. Siku chache baadaye nilizunguka maduka mengine ya mjini na kukuta vitabu vya kiada, vitabu vya dini na vile vya namna ya kutajirika. Riwaya ya Kiswahili ya watu wazima hakuna, iwe pendwa au nyingine. Kwa hiyo, ninalazimika kusema kwa shingo upande kwamba yule mzee, pamoja na kinywa chake, ndiye niliyemkuta na boksi zima la riwaya ambazo nyingine sijaziona tangu nikiwa sekondari, na kwamba nakala niliyoinunua niliimaliza kwa safari moja ya basi kwenda Arusha na kurudi. Nilikuwa nimekusudia kulipatia duka hili alama moja kati ya tano. Kwa ajili ya boksi lile ninalipatia tatu. Halafu ninalikumbuka lile "utaweza hiki?" na ninapunguza mbili.

Atakayekwenda aende asubuhi, kabla mzee hajafika. Amwulizie binti, na amwambie aanzie boksi la chini.