Ua la kutambaa ukutani: lipi la kununua Tanga?

Kwa nyumba ya Tanga, namba moja ni bogenvilia, na kwa anayekaa Raskazone kwenye upepo wa bahari sioni hata mshindani. Huvumilia chumvi, jua kali na udongo mchache wa juu ya matumbawe. Rangi unayoilipia ni majani yaliyogeuka; ua lenyewe ni kile kineli cheupe katikati. Ndiyo maana rangi hukaa wiki kadhaa.

Kitaluni usibabaishwe na urefu. Chukua mche uliokwisha kuchanua, uijue rangi kabla ya kutoa pesa, kisha inua kiriba, ule mfuko wa mche. Mizizi ikiwa imeshatoboa na kushika ardhi, itakatika ukiung'oa, na bogenvilia haipendi kabisa kuguswa mizizi. Wakati wa kupanda chana kiriba kwa wembe, udongo usimeguke. Haina vikono vya kujishikia, huegemea tu kwa miiba, kwa hiyo nunua na waya wa kuifungia. Anayelalamika kwamba yake ni majani matupu mara nyingi huimwagilia kila jioni, au kaipanda kivulini. Inataka jua saa 6 kwa siku na kiu kidogo. Ikimaliza kuchanua ipogoe, maana maua hutoka kwenye matawi mapya.

Wa pili ni Combretum indicum. Muuzaji mwambie unataka ule wa vishada vinavyofunguka vyeupe jioni, halafu vinageuka waridi, mwisho vyekundu. Usiku hunukia vizuri sana, weka karibu na baraza. Ila hukua mbio na kuchipua mbali na shina; huna wa kupogoa, usinunue.

Alamanda ya njano ni ya tatu. Inapendeza, lakini utomvu wake huwasha na mmea una sumu. Kwenye watoto wadogo au mbuzi, hapana.

Thunbergia grandiflora, ile ya buluu, nisingeichukua hata bure. Ina viazi ardhini, ukikata inachipua, na hufunika miti mizima. Mkoa huu una Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti mwaka 1902, na misitu ya pale inaonyesha mimea ya kuletwa inavyoweza kutoroka.

(Mwasumini sijauweka kwenye mashindano. Ule ni wa vikuba, vile vishada vya kunukia vya wanawake.)

Nunua masika yanapoanza, Machi, au vuli ya Oktoba. Mpangaji wa Ngamiani naye achukue bogenvilia, aipande kwenye ndoo iliyotobolewa chini: mizizi ikibanwa ndiyo kwanza inachanua, na siku ya kuhama anaondoka nayo.