Siku saba na mkandaji wa Langoni: tumbo linalopwita na michirizi ya uzazi

Nilijifungua mtoto wangu wa pili mwezi wa Rajabu, na siku ya kumi na mbili nikaletewa mkandaji mmoja wa hapa Langoni, Lamu. Mwenyewe hataki jina lake liandikwe, nami naliheshimu hilo. Huja nyumbani, maana mzazi hatoki kabla ya arubaini. Anatoza shilingi 500 kwa siku, na singo, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, ya siku ya mwisho ni 1,000, liwa na karafuu akija nazo yeye.

Nilikuwa na mambo mawili. Moja ni michirizi, iliyonitambaa kutoka chini ya kitovu mpaka nyongani, rangi ya zambarau iliyokoza, mingine mipana kama ncha ya kidole changu kidogo. La pili sikumwambia hata mume wangu kwa siku tatu. Kila nikilala chali, tumbo lilikuwa likipwita juu kidogo ya kitovu, hata kanga ikawa inacheza. Mtoto ametoka, sasa kinachocheza humo ni nini? Mavyaa alisema ni chango. Jirani akataja mengine ambayo sikulala usiku ule kwa ajili yake.

Nilichompendea mkandaji huyu ni kwamba siku ya kwanza alikaa karibu robo saa bila kunigusa. Alivua buibui, akaweka chini mkoba wake wa ukili, akauliza: umezaa mwenyewe au umepasuliwa? Damu ikoje? Kichwa kinauma? Macho yanaona kiwi? Kisha akapandisha kanga na kuipima miguu yangu kwa macho, huu na huu, akagusa vigimbi kwa mgongo wa kiganja. "Mguu mmoja ukivimba ukawa na moto, sikukandi mwanangu. Utakwenda hospitali kwanza." Baadaye daktari alinieleza kwa nini: wiki za baada ya uzazi damu huganda kwa urahisi zaidi, na donge likiwa kwenye mshipa wa mguu, kukandwa kunaweza kulisukuma likaenda mapafuni. Na aliyepasuliwa, mkandaji hamkandi tumbo mpaka kidonda kipone.

Nilipomwambia habari ya kupwita, hakucheka wala hakuniombea kwa sauti ya kutisha. Alichomoa kikonyo cha asmini kwenye nywele zake, akalitua ua moja juu ya tumbo langu pale panapopiga. Likawa linapanda na kushuka. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akaniambia nitazame ua huku nikisikiliza vidole vyake. Ua likipanda, mkono unapiga. Likishuka, kimya. "Ni moyo wako huo," akasema. "Lakini mimi sina macho ya ndani. Nenda ukapigwe picha utulie. Na mahali hapa sitii mkono mpaka urudi."

Nilikwenda. Daktari alinipaka ile jeli ya baridi, akapitisha mashine ya altrasaundi, akanionyesha mshipa mkuu, aota, unaotoka moyoni, ukashuka mbele ya uti wa mgongo, ukagawanyika matawi mawili karibu na usawa wa kitovu. Kila mtu anao na kila mtu unapiga. Mwembamba huuona, na mzazi huuhisi zaidi kwa sababu misuli ya mbele ya tumbo imelegea na kuachana. Wangu ulikuwa milimita 17. Ukifika 30 ndipo huitwa umevimba, na wanaoandamwa zaidi na hilo ni wanaume waliopita miaka 65 waliowahi kuvuta sigara. Mtu akiwa na uvimbe tumboni unaopiga, au akapatwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo pamoja na kizunguzungu, hangoji kukuche. Bavyaa ana miaka 71 na amevuta tangu akiwa baharia wa jahazi. Tunampeleka Jumatatu. Nilitaja pia kope yangu ya kushoto iliyokuwa ikicheza, ambayo nyumbani walishaitabiria msiba. Daktari akaniuliza nalala saa ngapi na nanywa kahawa ngapi. Basi.

Sasa michirizi. Kabla ya mkandaji nilimtuma binamu yangu kwenye duka moja la vipodozi, akarudi na kopo la krimu la shilingi 1,200 lenye picha ya tumbo laini na ahadi ya kufuta kila kitu kwa wiki mbili. Viambato havikuandikwa popote. Nilipaka siku tano, ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Mkandaji alilinusa akalifunga. Daktari naye alisema krimu za namna hii huweza kuwa na dawa kali kama klobetasoli, na hiyo ikitumiwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta michirizi yenyewe! Nimeudhika mno na kopo lile, maana mtoto wangu analala juu ya tumbo hilo hilo.

Mkandaji hakuniahidi chochote. "Hii haitoki kwa mafuta. Mafuta ni ya kuilainisha isikuwashe." Ni kweli. Nyuzi za ngozi ya ndani zimekatika kwa kuvutwa, na mafuta ya juu hayazifikii. Siagi ya kakao na mafuta ya zeituni yamejaribiwa kwa waja wazito na hayakuizuia michirizi. Rangi hufifia yenyewe kwa miezi, ikabaki mistari myepesi. Ipo dawa ya tretinoini inayosaidia kiasi ikiwa michirizi ni mipya, lakini haitumiwi na mwenye mimba, na anayenyonyesha amuulize daktari kwanza.

Mikono yake ni mizuri. Hupasha uto kwenye kikombe cha bati juu ya makaa, huanza kiunoni, na maumivu ya mgongo niliyokuwa nayo yaliniondoka siku ya tatu. Kasoro zipo: alikuja kwa kuchelewa siku nne kati ya saba, mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo la mzazi, aliufunga mara ya kwanza nikashindwa kuvuta pumzi hadi nilipomwambia alegeze, na hufukiza udi chumba kizima, jambo ambalo nililikataa kwa sababu ya kifua cha mtoto. Alikubali bila kununa.

Mdogo wangu anatarajia mwezi wa Mfungo Mosi na nimeshamwekea siku. Ukimwita, nunua uto wako mwenyewe na toa kanga mbili kuukuu, kwa sababu mafuta hayatoki kwenye nguo.