Syd Arthur: Uanze na Albamu Ipi?

Ukiwakuta mashabiki wawili wa Syd Arthur, bendi ya roki ya Uingereza, wamekaa pamoja, usiwaulize ununue albamu ipi kwanza kama una haraka ya kuondoka. Mmoja atakwambia On An On, ya mwaka 2012, na kwamba baada ya hapo bendi ilianza kupunguza makali. Wa pili atakwambia Sound Mirror, ya 2014, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa bado inatafuta njia. Akitokea wa tatu aliyeijua bendi kupitia Apricity, ya 2016, atawashangaa wote wawili. Mabishano hayo nimeyasikiliza kwa miaka, albamu zote tatu nimezinunua, na moja nimeinunua mara mbili. Hapa nazipanga kwa jinsi ninavyoamini mnunuzi mpya anapaswa kuzifuata.

Lakini ujue kwanza ugomvi unatokea wapi, maana usipoujua utanunua albamu isiyokufaa na kuilaumu bendi bure.

Syd Arthur wanatoka Canterbury, mji wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Hapohapo, mwaka 1964, vijana waliunda kundi lililoitwa Wilde Flowers, na kutoka humo zikazaliwa bendi mbili kubwa, Soft Machine na Caravan. Ukoo ukakua, wakaingia Hatfield and the North, Gong, National Health na wengine ambao baadhi yao hawakuwa hata wenyeji wa mji ule. Neno Canterbury likageuka kuwa jina la ladha: roki iliyokolezwa jazi, ogani inayopitishwa kwenye fazi, kifaa cha kuchafua sauti, mpaka inakwaruza, sauti ya mwimbaji iliyotulia isiyojitutumua, na mapigo ambayo ukijaribu kuyapigia makofi kwa hesabu ya kawaida ya nne unaachwa njiani. Urefu nao haukuwatisha. Third ya Soft Machine, ya 1970, ni santuri mbili zenye vipande vinne tu, kila kimoja kimejaza upande wake. Mwaka uliofuata Caravan walijaza upande mzima wa In the Land of Grey and Pink kwa kipande kimoja cha karibu dakika 23.

Sasa fikiria inatokea bendi changa kutoka mji uleule. Watu waliisubiri na kipimo mkononi. Kundi moja likasema: nyimbo ni fupi, ogani haipo, hawa wanatoka Canterbury lakini si Canterbury. Kundi la pili likajibu kwamba masikio yanayosubiri ogani pekee hayawezi kusikia kitu kingine. Mimi nimo kundi la pili, na sababu zangu ziko ndani ya albamu ya kwanza.

Nafasi ya kwanza: On An On (2012)

Anza hapa. Bendi iliitoa kupitia lebo yao wenyewe, Dawn Chorus, na unasikia watu wanne waliopiga pamoja muda mrefu kabla ya kurekodi. Liam Magill anaimba na kupiga gitaa, ndugu yake Joel yuko kwenye besi, Fred Rother kwenye ngoma, na Raven Bush anashika fidla, mandolini na vinanda.

Fidla ndiyo ufunguo. Kwa sisi tuliokua na taarabu masikioni, fidla si mgeni. Tunaijua inavyomjibu mwimbaji, inavyopanda kwa pamoja na kuulainisha wimbo. Bush haitumii hivyo. Anaipitisha kwenye vifaa vya kubadili sauti, inavutika, inakwaruza, inajaza nafasi ileile ambayo zamani ilijazwa na ogani ya fazi. Siku nilipolisikia hilo, malalamiko ya kwamba ogani haipo yaliniishia. Kazi ya ogani inafanyika, ila aliyeifanya amekuja na chombo kingine.

Sikiliza besi pia. Joel Magill hatulii kwenye noti moja kusubiri wenzake. Anatembea na wimbo wake chini ya wimbo, na mara nyingi yeye ndiye anayeshika hesabu ngumu, mapigo saba au matano kwa kila mzunguko, huku Liam akiimba juu yake kama mtu anayeimba nne. Caravan walikuwa na siri hiyohiyo: wimbo unauimba bafuni kwa wiki nzima, halafu siku moja unajaribu kuupiga kwenye gitaa unagundua hujawahi kuuhesabu sawasawa. Ukisikia Ode to the Summer utanielewa. Na wenye kiu ya urefu wangoje wimbo wa mwisho, Paradise Lost, ambapo bendi inajiachia kwa nafasi.

Lawama inayoirudia albamu hii ni sauti ya Liam. Ni nyembamba, ina mtetemo, na kuna watu isiowaingia kabisa. Hilo siwezi kulibishia. Sauti ya mtu inakuingia au haikuingii. Ila kama sikio lako limezoea uimbaji wa kifua kipana, mpe nyimbo tatu kabla ya kuamua.

Nafasi ya pili: Sound Mirror (2014)

Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni unywele. Kuna miezi ambayo ningezibadilishia nafasi.

Jina linatoka nyumbani kwao. Kwenye pwani ya Kent, pale Denge karibu na Dungeness, yamesimama mabakuli makubwa ya zege na ukuta mmoja uliojipinda wenye urefu wa zaidi ya mita 60. Yalijengwa kati ya vita viwili vya dunia ili kukusanya mvumo wa ndege za adui zikiwa bado mbali baharini. Baadaye rada ikayaondolea kazi. Ni vioo vya sauti, na nadhani ni jina linaloifaa sana bendi inayokusanya mvumo wa zamani na kuurudisha kwa umbo jingine.

Muziki wenyewe umebanwa. Nyimbo zinaingia, zinasema, zinatoka. Garden of Time na Hometown Blues zina kila kitu ambacho On An On ilikuwa nacho, lakini katika dakika chache zaidi, na ngoma za Rother zimekaa mbele zaidi. Wanaoipenda wanasema hapa bendi ilikomaa. Wanaoilaumu wanasema pumzi imekatwa: mahali ambapo albamu ya kwanza ingeacha fidla izurure dakika mbili, hii inageuka na kwenda kwenye kiitikio. Wote wanasema kweli. Kwa hiyo swali ni wewe unasikiliza vipi. Kama unasikiliza ukiwa njiani, kwenye daladala au ukitembea, Sound Mirror itakufaa kuliko ya kwanza. Kama una saa moja usiku na taa umezima, rudi kwenye On An On.

Mwaka huohuo walizunguka Marekani wakiwafungulia Yes, bendi kongwe ya roki ya prog (progressive), na mashabiki wengi wa prog wa huko ndipo walipoijua bendi. Ndiyo maana ukikutana na shabiki wa Marekani, mara nyingi Sound Mirror ndiyo kipimo chake.

Nafasi ya tatu: Apricity (2016)

Hii ndiyo niliyoinunua mara mbili. Mara ya kwanza niliisikiliza siku nne, nikampa rafiki. Nilikasirika. Fidla ilikuwa imerudi nyuma, Bush amehamia kwenye sintesaiza, ngoma zimenyooka, na kila kitu kinang'aa. Walikwenda Los Angeles kurekodi na Jason Falkner, mtu aliyewahi kupiga na bendi ya Jellyfish na ambaye moyo wake uko kwenye pop yenye viitikio vizuri. Mashabiki wengi wa zamani waliona kama mimi, na wapo ambao hawajairudia mpaka leo.

Nilichokuwa sijakipima ni kilichotokea katikati. Rother alilazimika kuacha ngoma kwa sababu ya matatizo ya masikio, na nafasi yake ikachukuliwa na Josh, Magill wa tatu. Bendi yenye mpigaji mpya haiwezi kupumua kama ile ya zamani, na ni heri kwamba hawakujilazimisha. Mwaka mmoja baadaye nilisikia Sun Rays nyumbani kwa yule rafiki, nikamuuliza ni nani hawa. Niliona haya. Nikaagiza nakala nyingine wiki ileile.

Apricity ni neno la zamani la Kiingereza, maana yake ni joto la jua wakati wa baridi. Aliyewahi kuishi Ulaya mwezi wa Januari anajua kitu hicho: jua lipo, linakugusa shavuni, na hewa bado inauma. Albamu ndivyo ilivyo. Sipendekezi uanze nayo kama umekuja kwa ajili ya Soft Machine. Lakini kama umeletwa na roki ya kawaida, au unamnunulia mtu zawadi na hujui uvumilivu wake kwa hesabu za saba, hii ndiyo ya kumpa, hata kama kwenye orodha yangu ni ya tatu.

Upo pia Moving World, mkusanyiko mfupi wa nyimbo (EP) wa 2011 kabla ya albamu hizi. Ni wa wanaokusanya. Ukishazipenda tatu, utautafuta mwenyewe bila kuambiwa.

Santuri, sidii au faili?

Kwa anayeishi Afrika Mashariki, ushauri wangu ni faili zinazobanwa bila kupoteza sauti, aina ya FLAC, ununue kwenye duka la mtandaoni linalokuruhusu kuzipakua na kubaki nazo. Muziki huu una vitu vingi vidogo, besi chini ya gitaa, fidla nyuma ya sauti, na faili iliyobanwa sana inavila vitu hivyo kwanza. Gharama ya usafirishaji haipo, ushuru wa forodhani haupo.

Sidii inafuata. Ni nyepesi, haiogopi joto kama santuri, na zilizotumika huuzwa kwa bei ya chini.

Santuri ni nzuri, nami ninazo, lakini hesabu gharama zote kabla ya kubonyeza: bei, posta, ushuru. Niliwahi kupokea moja iliyojikunja kama chapati baada ya kukaa muda mrefu mahali penye joto njiani, na muuzaji akagoma kurudisha fedha kwa sababu nilikuwa nimeifungua. Tangu hapo naandika kwanza, naomba ifungwe kati ya makaratasi magumu mawili na santuri itolewe nje ya jalada lake ili isilichane, na napiga picha wakati wa kufungua. Ikifika, isimamishe wima mbali na dirisha. Ukinunua iliyotumika, usishuke chini ya VG+ (Very Good Plus), alama ambayo wauzaji hutumia kueleza hali ya santuri. Kwenye vipande vya kimya, mikwaruzo inasikika kama mtu anayekaanga vitumbua chumba cha pili.

Na kama unataka ogani kwelikweli

Kuna wasomaji ambao nitakuwa sijawashawishi. Wanataka ile fazi ya zamani, wanataka vipande virefu, na fidla haitawatosha. Kwao Syd Arthur si ununuzi sahihi, na sitawasukuma. Wanunue Zopp, mradi wa Ryan Stevenson wa Nottingham. Albamu ya kwanza, yenye jina hilohilo, ilitoka 2020, na ndani yake ogani inakwaruza kama ilivyokwaruza miaka ya sabini. Dominion ya 2023 ikaongeza uimbaji. Nako kuna mabishano: wengine wanaona ni heshima kwa wazee, wengine wanaona ni kurudia yaliyokwisha kusemwa. Mimi niliinunua ile ya kwanza, naisikiliza kwa raha, na kila ikiisha mkono unakwenda kwenye On An On.