Majiko ya mkaa ya Makoroboi: tazama mkunjo kabla ya rangi

Makoroboi, katikati ya Mwanza, pamerithi jina la koroboi, kibatari cha bati kilichokuwa kikigongwa pale kutokana na makopo na vyuma chakavu. Umeme na sola vimekipunguzia kibatari wateja, lakini mikono ya mafundi inaendelea na kazi nyingine, na jiko la mkaa ni mojawapo. Ni kazi nzuri inayostahili pesa yako, mradi ujue unachokinunua.

Jiko la kudumu hukatwa kwenye pipa la lita 200. Bati lake ni nene kuliko la kuezekea. Kumbuka kwamba kwenye bati la kuezekea namba ya geji ikipanda, unene unashuka: jiko la vipande vya geji 32 huungua kitako mapema. Bonyeza ubavuni kwa kidole gumba, likibonyea, liache. Fundi anayejua kazi hashindani na pipa. Anafuata mviringo wake, na kipande kinachobaki anakifanya mlango wa hewa au mguu. Akili hiyo imezaliwa na uhaba: bati likipotea, faida nayo imepotea.

Ligeuze juu chini. Maungio yawe yamekunjwa mara mbili na kugongwa, kisha yakashikwa kwa ribiti. Liinue juani uchungulie ndani: mwanga ukipenya kwenye mkunjo, hewa itaingia pasipotakiwa na moto utaula mkaa hata ukifunga mlango. Sahani ya matundu ndiyo huchakaa kwanza kwa sababu inakaa ndani ya moto wenyewe, basi chagua inayotoka kwa mkono, uweze kuibadilisha bila kubomoa jiko. Mwisho weka sufuria yenye maji kidogo juu ya vyuma vitatu. Maji yakiegemea upande mmoja, ugali utakusumbua kila siku, kwa kuwa kusonga kunahitaji jiko lisilotikisika.

Kasoro kubwa ya majiko haya ni rangi ya fedha. Inaziba kutu na ribiti zilizolegea, na moto wa kwanza tu unaibabua. Lakini lawama si ya fundi peke yake. Wateja wengi hupita jiko jeusi lenye mkunjo safi wakalichukua linalong'aa, na fundi hupeleka nguvu zake pale jicho la mteja linapotua. Anayetaka mkunjo bora auulizie mkunjo, tena kwa sauti, wengine wasikie.

Jiko lenye udongo ndani hubana matumizi ya mkaa vizuri zaidi, kwa sababu udongo unashika joto badala ya kuliachia ubavuni. Gonga udongo kwa ukucha: mlio mkavu ni salama, mlio mzito unaashiria unyevu au ufa. Moto wa kwanza uwe mdogo, uwashwe nje. Nje pia ndipo pa kuanzia jiko la bati lenye zinki, maana likipata moto mkali moshi wake mweupe si wa kuvuta.

Tena usilimwagie maji jiko la udongo likiwa la moto ili kuokoa mkaa. Udongo utapasuka. Toa makaa kwa koleo, uyazime pembeni ndani ya kopo lenye mfuniko.