TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili" za laini ya mafuta kwa wanaobadilisha injini za pikapu za zamani

Wakuu, kama una pikapu ya zamani na unajiandaa kuivalisha injini ya injekta, soma hii kabla hujalipia seti yoyote ya laini ya mafuta mtandaoni. Kuna muuzaji anazungusha "seti kamili" za mipira, fitingi na filta za kuweka injini za LS (V8 za injekta za General Motors) kwenye pikapu zilizozaliwa na kabureta, na anachotuma sicho anachotangaza. Seti yake ninayo mezani, nimeikagua kipande kwa kipande kabla ya kufunga chochote, na hakuna hata kimoja ambacho ningekubali kipitishe petroli juu ya ekzosi iliyochemka.

Jina la duka silitaji. Hata ningelitaja lisingewasaidia sana, maana analibadilisha malalamiko yakizidi. Asichobadilisha ni picha: fitingi nyeusi na bluu zimepangwa juu ya kitambaa cha kijivu chenye doa la oili kwenye pembe ya chini. Nimeikuta picha hiyohiyo, doa hilohilo, chini ya majina tofauti ya maduka. Mkiiona, ondokeni.

Waliokwisha kuifunga kwenye gari, naanza na ninyi. Msiwashe injini eti "tuone tu". Subiri injini ipoe kabisa, toa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, tenga waya hasi wa betri, kisha punguza presha kwenye vali ndogo iliyoko kwenye reli ya injekta huku umeifunika kwa kitambaa. Gari liwe nje, au milango ya gereji iwe wazi yote. Mtungi wa kuzima moto wa poda uwe mkononi mwa mtu wa pili, usiwe stoo. Grainda, sigara na taa za kuning'inia zenye balbu ya moto viwe mbali.

Nasisitiza hivi kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye kabureta. Kabureta inataka presha ya psi 4 hadi 7, na pampu yake ya asili inaendeshwa na injini yenyewe: injini ikizima, pampu imelala. Kiungio kibovu pale kinatona, unasikia harufu, unakaza, safari inaendelea. LS inataka takriban psi 58, yaani karibu bar 4, na pampu yake ni ya umeme. Kwa presha hiyo upenyo mdogo hautoni, unapuliza ukungu wa petroli. Na kama aliyeunga waya za pampu alizipeleka moja kwa moja kwenye swichi bila kupitia kompyuta ya injini, pampu itaendelea kusukuma hata injini ikiwa imekufa. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka na kutuama sakafuni. Wenye Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972 mnajua tangi la asili limekaa wapi: ndani ya kibini, nyuma ya kiti. Kiungio kinachovuja pale kinavujia mgongoni mwa dereva.

Sasa yaliyomo kwenye boksi.

Mpira mrefu umetangazwa kuwa ni wa PTFE (plastiki ngumu, maarufu kama Teflon), utando mweusi ndani na nyavu ya chuma nje. Kwa kazi hii ndio unaotakiwa, na weusi wake una maana. PTFE nyeusi imechanganywa na kaboni ili umeme tuli unaojengeka mafuta yanapokimbia ndani ya bomba upate pa kutokea; ile nyeupe haina njia hiyo. Ulionifikia una nyavu nzuri inayong'aa, lakini nilipoukata, ndani hamna PTFE. Ni mpira wa kawaida, mlaini, unaoacha weusi kidoleni. Nikachukua kipande kifupi, nikakitumbukiza kwenye chupa ya kioo yenye petroli, nje ya nyumba, kifuniko juu. Baada ya siku chache petroli imekuwa kama chai ya rangi, kipande kimevimba mpaka kinaachana na nyavu yake, na ukikibonyeza kwa kucha alama inabaki. Huo weusi ulioyeyuka, kwenye gari ungeishia kwenye injekta.

Kuna na kipande kifupi cha mpira usio na nyavu, kimeandikwa 30R9. Maandishi hayo si ya urembo. Kwa viwango vya SAE (chama cha wahandisi wa magari cha Marekani), mpira wa 30R7 ni wa kabureta, kikomo chake ni psi 50. 30R9 ndio wa injekta, na kwa kipenyo cha inchi 3/8 kushuka chini unabeba psi 100. Kwenye mpira halali maandishi yanajirudia urefu wote pamoja na jina la mtengenezaji na kipimo. Huu wake umepigwa muhuri mara moja tu, katikati, bila jina la mtu yeyote, na nilipoupitisha kitambaa chenye petroli herufi zote zilihamia kwenye kitambaa. Mtu aliyekaa chini akapiga muhuri wa namna hiyo hakukosea. Alijua anachofanya, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Halafu angalia alivyounganisha vitu. Fitingi za kwenye mpira alizotuma ni za PTFE kweli, zile zenye pete ndogo ya shaba inayoingia kati ya utando na nyavu. Pete hiyo imetengenezwa kuuma PTFE ngumu. Kwenye mpira laini haina cha kuuma. Nilikaza moja mpaka mwisho kwa spana, nikashika mpira mkono mmoja na fitingi mkono mwingine, nikavuta. Ikachomoka nzima, pete imebaki ndani ya mpira. Bila pampu, bila joto, bila mtikisiko wa injini, kwa mikono mitupu.

Fitingi za kuunganisha bomba ndizo zenye ujanja zaidi, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo watu wazima na spana zao wanapodanganyika. Fitingi za AN (kiwango cha Kimarekani kilichoanzia kwenye ndege) zinaziba kwa koni yenye pembe ya nyuzi 37, yaani digrii 37. Fitingi nyingi za kawaida za magari zinaziba kwa koni ya nyuzi 45. Ukubwa wa AN unahesabiwa kwa sehemu za kumi na sita za inchi: AN-6 ni bomba la 3/8, AN-8 ni la 1/2. Kwenye 3/8 huwezi kuchanganya kirahisi, kwa sababu AN-6 ina uzi wa 9/16-18 (kipenyo cha inchi 9/16, nyuzi 18 kwa inchi) na ya nyuzi 45 ina 5/8-18, nati itagoma. Kwenye 1/2 mambo ni mengine. AN-8 na ile ya nyuzi 45 zote zina uzi wa 3/4-16. Nati inaingia kwa vidole, inakaza vizuri, mkono unakwambia kazi imekwisha, kumbe koni mbili zimegusana kwenye mstari mwembamba tu. Vivyo hivyo kwa AN-4, ambayo ina uzi wa 7/16-20 sawa na ya nyuzi 45 ya bomba la 1/4.

Seti yake ina AN-8 upande wa tangi. Adapta alizotuma za upande huo ni za nyuzi 45, zimepakwa rangi ya bluu zifanane na nyingine. Kujua ni rahisi: paka koni kwa kalamu ya wino mzito, acha ikauke, funga kwa mkono na kaza kidogo, fungua. Zikilingana, wino unafutika kwenye mkanda mpana unaozunguka koni yote. Zangu ziliacha mkwaruzo mmoja mwembamba ukingoni na wino mwingine wote upo.

Nilipomwandikia kuhusu hizo adapta, jibu lake lilikuwa: "zungushia tepu nyeupe kwenye uzi, haitavuja." Mtu yeyote anayekwambia hivyo kuhusu AN, usinunue kwake hata nati. AN haizibi kwenye uzi, inaziba kwenye koni. Tepu haifiki mahali mafuta yanapopita, na vipande vyake vikikatika vinasafiri na petroli. Tepu ya aina hiyo na gundi za uzi ni za nyuzi zinazochongoka kama NPT (uzi wa bomba wa Kimarekani), basi. Na hata huko hakikisha ni NPT: adapta mbili za kwenye boksi zilikuwa za BSP (uzi wa bomba wa Kiingereza), nyuzi 19 kwa inchi wakati NPT ya 1/4 na 3/8 ina 18. Zinaingia mizunguko michache ya mwanzo kisha zinajikata zenyewe. Geji ya nyuzi inakuonyesha mara moja, huhitaji kubahatisha.

Uzito nao unasema. Tangazo linasema alumini, lakini ukishika fitingi moja unahisi mkono unashuka. Sumaku haikamati, kwa hiyo chuma si. Alumini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, zinki inakaribia 7.1, na nilipopima kwa mizani na kwa kuizamisha kwenye maji, jibu liliangukia karibu na zinki. Nimeisugua kwa ncha ya bisibisi: rangi imebanduka kama ganda, wakati rangi halisi ya alumini iliyopitishwa kwenye umeme huwa ni sehemu ya ngozi ya chuma chenyewe. Chini ya rangi kuna mstari wa kalibu na vitundu vidogo vya hewa. Hiyo ni zinki ya kumiminwa, na zinki ya kumiminwa hovyo hupasuka kwenye shingo ya uzi.

Koneka za kubofya za kwenye reli nitazipitia haraka. Reli za LS za miaka ya mwanzo zenye laini ya kurudisha mafuta tangini zina ncha ya 3/8 ya kuingiza mafuta na ya 5/16 ya kurudisha, yaani milimita 9.5 na 7.9. Alizotuma zote mbili ni za 9.5, moja imebandikwa karatasi ya "5/16". Pima kwa kalipa, usisome karatasi. Na hata ile iliyolingana, oringi zake zilivimba kwenye ile chupa ya petroli mpaka hazirudi kwenye mfereji wake. Kwa petroli unataka oringi za FKM (mpira maarufu kama Viton). Za EPDM ni za maji na breki, petroli inazila.

Filta ndiyo iliyonikasirisha kuliko vyote. Anaiuza kama filta yenye regyuleta ndani, aina ile iliyotoka kwenye Corvette kuanzia 1999, ambayo watu wengi wa swapu (kubadilisha injini) wanaitumia kwa sababu inashusha presha hadi psi 58 na kurudisha ziada tangini karibu na tangi lenyewe. Filta hiyo ina mirija mitatu: upande mmoja miwili, wa kuingiza na wa kurudisha, na upande wa pili mmoja wa kwenda injini. Yake ina mirija miwili tu, mmoja kila upande, na kibandiko kimeandikwa "58 psi". Bila mrija wa tatu hiyo ziada inarudi wapi? Ni filta ya kawaida yenye kibandiko. Ukiifunga kwenye gari, pampu itasukuma kwa nguvu zake zote dhidi ya fitingi za zinki na mpira unaoyeyuka.

Kuhusu tabia yake, mtamtambua kwa mambo haya. Anajibu haraka sana kabla hujalipa na anakuvuta mlipane nje ya mfumo wa soko mtandaoni ili "akupunguzie". Ukikataa, anakubali, lakini mzigo unachelewa mpaka muda wa kudai pesa unakaribia kuisha. Ukilalamika anaomba video ya jinsi ulivyofunga, kisha anasema kosa ni la fundi. Ukimwambia hukufunga chochote, anakuahidi adapta moja ya bure kwa sharti ufute maoni yako. Usifute, na usitume boksi kabla madai hayajafunguliwa rasmi, maana vitu vikishaondoka mikononi mwako huna ushahidi.

Madai yangu mimi bado hayajaamuliwa. Nilichogundua ni kwamba wanaoshughulikia malalamiko hawajui AN ni nini, na ukiwaelezea pembe za koni watakuona mbishi tu. Picha iliyowafanya waniulize maswali ya maana ni ya mpira uliokatwa, nyavu na mpira mweusi vikionekana, umewekwa kando ya tangazo lake linalosema PTFE. Ya pili ni ya filta yenye mirija miwili kando ya maneno yake "yenye regyuleta ndani". Anzeni na hizo mbili, na tangazo lake mlipige picha mapema kabla hajalishusha.